Korongo wa Downsview Walizikwa Siku ya Zamu Yangu

Mliniacha nimekaa kitandani, simu mkononi, nasoma ujumbe wa kocha Matthew kwa mara ya kumi kama mtu aliyepata kibali cha ukaazi. "Jumamosi unaanza wewe," ndivyo alivyoandika. Maneno hayo niliyasubiri misimu miwili.

Kwa aliyeanza kusoma leo: mimi ni Almas, mtoto wa Upanga, Dar es Salaam. Wazazi walinileta Toronto nikiwa bado sekondari. Dar nilikuwa narusha mpira wa kriketi. Huku kriketi ilinitoka kwa fitina mlizokwisha kuzisoma, nikaingia besiboli, nikachukuliwa na timu ya Downsview inayoitwa Korongo. Timu ndogo, ligi ndogo, uwanja umebanwa na maghala pande tatu. Lakini ilikuwa timu. Ilikuwa na jezi, na watu walikata tiketi getini.

Kazi yangu ni kurusha. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anamtupia mpira mtu mwenye gongo, na nia yake ni yule mtu asiuguse. Anayeanza kurusha ndiye mwenye mechi. Anayekaa benchi anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Mimi nilikuwa wa maganda.

Tatizo langu kubwa halikuwa benchi. Lilikuwa Baba.

Baba yangu, Ghulamabbas, alikuwa hajawahi kukanyaga uwanjani. "Huo mchezo ni rede," alisema siku ya kwanza nilipomweleza. "Tofauti ni kwamba wasichana wa Upanga walicheza bila kuvaa kofia."

Usiku ule wa ujumbe nilimfuata sebuleni nikamwambia Jumamosi ni zamu yangu. Akazima televisheni.

"Nitakuja," akasema. "Siku moja tu, nikuone. Halafu Jumatatu unaingia duka la dawa la mjomba wako, na habari za rede zimekwisha. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Moyoni nilijiambia, akiniona narusha, atabadilika. Kijana akiwa na jambo lake huamini kila mtu ataliona kama anavyoliona yeye.

Kisha Mama akaharibu. Mama yangu, Mariambai, hana siri inayolala ndani ya nyumba. Alhamisi alimwambia mtu mmoja pale msikitini Bathurst kwamba Almas anacheza. Ijumaa ilikuwa tayari ni safari. Magari yamepangwa, nani apande na nani, nani alete nini.

"Mama, si harusi," nikamwambia.

"Wewe cheza. Mambo ya watu niachie mimi."

Jumamosi asubuhi nyumba ilinuka bajia. Mama alikuwa anakaanga tangu alfajiri, kababu huku, chatne ya nazi kule, chupa za chai zimepangwa mlangoni. "Huko uwanjani wanauza soseji za nguruwe," akasema. "Watoto watakula nini?"

Baba alishuka ngazi amevaa tai na koti. Sikumwambia kitu. Nilifurahi kwa ile tai kuliko nilivyoweza kusema.

Simu yangu ikalia.

Alikuwa anko Jovito, mtangazaji wa uwanja wetu. Ni Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu, anakaa Weston, na ndiye mtu pekee pale klabuni niliyezungumza naye Kiswahili. Siku za mechi sauti yake ilikuwa inacheka hata akisoma majina. Siku hiyo haikucheka.

"Almas, kuja saa hii. Na mzee wako asitoke nyumbani kwanza."

"Kuna nini, anko?"

"Wewe kuja tu. Haya si mambo ya simu."

Nikawasha gari, nikaondoka bila kunywa chai wala kumwambia Baba asubiri, maana sikuwa na sababu ya kumpa. Njiani nilijaribu kumpigia Baba. Baba akiendesha, simu huizima. Nikampigia Mama. Simu ya Mama, kama nilivyokuja kujua, ilikuwa chini ya kapu la kababu.

Nilipofika, geti lilikuwa na mnyororo. Si ule mwembamba wa kila siku. Mnyororo mpya, mnene, na kufuli la kufungia kontena.

Kocha Matthew alikuwa amekaa nje juu ya begi lake la vifaa. Wenzangu walikuwa wametawanyika kwenye maegesho, wengine wameegemea magari, wengine wameketi kwenye lami. Ndani ya uzio, peke yake, alisimama Carla.

Carla ni binti wa Frank, na Frank ndiye aliyekuwa mwenye timu. Mwitaliano wa Downsview, tajiri wa saruji, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, timu ikabaki kwa Carla.

"Timu imefungwa," Carla akaniambia kupitia uzio. Nadhani alikuwa ameshalisema kwa kila aliyefika, maana lilitoka kama salamu. "Ligi nimewaarifu asubuhi hii. Uwanja umepangishwa. Jumatatu wanaleta mashine, wanajenga ghala."

"Leo ni Jumamosi," nikasema.

"Najua leo ni siku gani."

"Sasa kwa nini usifunge kesho?"

"Kwa sababu kesho kuna mwingine ataniuliza kwa nini nisifunge keshokutwa."

"Carla, leo ndiyo zamu yangu. Wazazi wangu wako njiani. Watu wa msikiti mzima wako njiani."

"Pole."

"Ungetuambia hata jana."

"Ningewaambia jana, mngekuja jana." Akajifuta uso kwa mkono. "Mnafikiri ni mimi tu ninayewanyima. Huu uwanja ulimla baba yangu. Mchana yuko hapa, jioni anazungumza habari za hapa. Mimi nilikuwa nasubiri amalize nipate zamu yangu. Hakumaliza."

Nilitaka kumwonea huruma. Sikuweza. Nilichoweza kufikiria ni ile tai.

Nikabembeleza. Nikaomba zamu chache tu, nikaomba nirushe hata bila mtu wa kupiga. Nikaahidi kufagia uwanja. Carla akanipa mgongo. Matthew akanishika bega.

"Mwache," akasema. "Nimeongea naye mpaka nimekauka."

Matthew alikuwa na Korongo tangu siku ya kwanza. Nilimwona hajanyoa, na mikono yake ilikuwa inafungua na kufunga zipu ya begi bila kutoa kitu.

Kama gundu lina mwenyewe, basi ni mimi. Maana wakati huohuo likaingia basi la wageni wetu, timu ya Kingston. Hakuna aliyekumbuka kuwapigia simu.

Kocha wao alishuka, mtu mpana mwenye kofia iliyopauka. Akaangalia mnyororo, akamwangalia Matthew, akaelewa.

"Mmekufa?" akauliza.

"Tumekufa," Matthew akajibu.

"Basi ushindi wa mezani ni wetu." Akasema bila kufurahi na bila kuhuzunika. Akawaambia vijana wake wanyooshe miguu kabla ya kurudi barabarani, nao wakaanza kurushiana mipira palepale kwenye maegesho.

Nikaenda pembeni kumpigia Baba tena. Sikuwahi kubonyeza namba. Gari lake lilikuwa linakata kona, taa zimewashwa mchana kweupe, na nyuma yake msururu wa magari kutoka kwetu Thornhill kama msafara wa bwana harusi.

Baba akashuka, akanyoosha koti.

"Mbona mko nje?"

"Wamefunga, Baba."

"Wamefunga vipi? Mechi si bado?"

"Wamefunga timu. Leo asubuhi. Haipo tena."

Nyumbani kwetu tunaongea Kikachi, lugha waliyotoka nayo mababu zetu India. Lakini Baba akikasirika huhamia Kiswahili, anasema Kikachi hakina nafasi ya kutosha. Siku hiyo alianza moja kwa moja na Kiswahili.

"Kumbe hapakuwa na mechi."

"Ilikuwepo, Baba."

"Nani shahidi?"

Nikamwonesha Jovito. Jovito akaja na heshima zake, kofia mkononi. "Ni kweli, mzee. Kijana alipewa zamu. Hata mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya kulitaja jina lenu vizuri."

Baba akamtazama kuanzia kiatu. "Na wewe uko upande huuhuu wa geti," akasema. Kisha akanigeukia. "Nimewaleta watu wa Thornhill wote kuja kuangalia kufuli."

Nyuma yake milango ya magari ilikuwa inafunguka, watu wanashuka na makapu. Bi Gulnar, shoga wa Mama, akanisogelea kwa sauti ile ya upole inayosikika mpaka mbali.

"Almas, mwanangu, si walisema wewe mchezaji? Au ulikuwa unauza vinywaji? Hata kuuza vinywaji si aibu."

Wajukuu zake wakamwuliza kwa Kiingereza kama wanaweza kurudi nyumbani.

Misimu miwili nimekaa benchi nikiambiwa subiri. Nimesubiri. Siku ya kuitwa, anayeniita hayupo. Na baba yangu, ambaye ningempa chochote aniamini siku hiyo moja, anaamini kwamba nimemwongopea.

"Twende nyumbani," Mama akasema taratibu.

"Ngoja," Baba akasema. "Tumeziba njia ya watu. Nikaombe radhi kwanza."

Akaenda kwenye uzio. Nikamfuata nyuma, nikijua ataniaibisha zaidi.

"Binti, samahani," akamwambia Carla kwa Kiingereza chake cha duka. "Watu wangu wamejaza barabara yako. Tunaondoka sasa hivi."

"Si kosa lako."

"Mwanangu anasema timu hii ilikuwa ya baba yako."

"Ilikuwa."

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Alifariki Januari."

Baba akarekebisha tai, ambayo haikuwa na kasoro. "Pole sana," akasema. "Mlimfanyia nini?"

Carla hakuelewa swali.

"Namaanisha watu. Kukusanyika, kumwombea, kula pamoja kwa ajili yake."

"Palikuwa na theluji nyingi. Waliokuja kanisani waliwahi kuondoka. Hapa hakuja mtu."

"Na hapa ndipo alipokuwa anashinda?"

"Kila siku ya Mungu. Mama alikuwa anamletea chakula hapahapa."

Baba akashika uzio kwa vidole. "Mimi nilikuwa na duka la spea Dar es Salaam, mtaa wa Livingstone," akasema. "Lilikuwa la baba yangu. Alipofariki, wanunuzi walikuja kulitaka siku ya pili. Mjomba wangu akasema, hapana. Kwanza watu wale pale, wamsomee pale, wamtaje pale. Ndipo tukauza. Wewe, binti yangu, hujafunga. Umetia kufuli tu. Jambo lenyewe bado liko ndani."

Mimi nilitazama chini.

Kisha nikasikia funguo.

"Mechi moja," Carla akasema. "Umeme umekatwa, maji hakuna. Ikiisha, mnatoka wote."

Ningepaswa kuruka kwa furaha. Lakini nawaambia ukweli, nilikasirika upya. Mimi nilimbembeleza mwanamke huyu kwa ajili yangu, akaninyima. Baba kaomba kwa ajili ya marehemu asiyemfahamu, kapewa. Na katika maombi yake yote jina langu halikutajwa.

Kocha wa Kingston alikubali kucheza. Alisema mechi haihesabiki, lakini vijana wake walikuwa wamekaa sana kwenye basi. Mwamuzi alikuwa ameshaambiwa na ligi asije, kwa hiyo mmoja wa wachezaji wao wa akiba akasimama kuamua. Jezi zetu zilikuwa stoo na Carla hakuwa na ufunguo wa stoo, tukacheza na fulana tulizokuja nazo.

Mama na wenzake walitandaza vyakula juu ya paa fupi la benchi letu. Wachezaji wa Kingston walipoona bajia wakasogea mmoja mmoja. Mmoja alichovya ya kwake kwenye pilipili akidhani ni nyanya, akazunguka uwanja akitafuta maji ambayo hayakuwepo.

Jovito alipanda kwenye kibanda chake, akakumbuka hakuna umeme, akashuka. Akasimama kwenye nyasi, mikono mdomoni, akatangaza kwa koo lake mwenyewe. Na kwa kuwa wengi waliokaa pale walikuwa wetu, alitangaza kwa Kiswahili.

"Ndugu waombolezaji," akaanza, na watu wakacheka kidogo. "Kabla mpira haujaanza, historia fupi ya marehemu."

Hakucheka yeye.

"Marehemu Korongo alizaliwa mwaka elfu mbili na mbili, hapahapa Downsview. Baba yake ni Frank, ambaye Mungu amlaze pema. Frank aliona ndege wale wenye miguu mirefu wakitoka mtoni Humber, wakatua kwenye kiwanja chake cha kuwekea kokoto, na wafanyakazi wakaacha kazi kuwatazama. Akasema, mahali watu wanapoacha kazi kutazama, pawe uwanja. Akaondoa kokoto akapanda nyasi."

Nilimwona Carla anainua kichwa. Nadhani hilo hakuwa amewahi kulisikia.

"Msimu wa kwanza marehemu alifungwa karibu kila mechi. Msimu wa nne akachukua ubingwa wa ligi. Frank alilia hadharani, akatuletea nyama choma ya Kiitaliano, na mimi nilisahau jina la mchezaji bora nikataja la kasisi wangu. Baada ya hapo marehemu akaanza kuugua. Mashabiki wakapungua. Wachezaji wazuri wakahamia ligi kubwa, wengine wakaoa. Frank akawa anakaa peke yake kwenye viti vile pale, mvua inanyesha, anapiga makofi. Alipoondoka Frank, marehemu hakuwa na wa kumpigia makofi. Amefariki leo asubuhi. Ameacha kocha mmoja, wachezaji waliovaa fulana zao, na mimi."

Watu wa Thornhill, ambao saa moja iliyopita hawakujua Korongo ni nini, wakashusha sahani zao. Bi Gulnar alikuwa anatafuta kitambaa.

"Sasa," Jovito akapaza sauti, "kwenye kichuguu, anayerusha, mtoto wa Ghulamabbas na Mariambai, Almas."

Nikapanda.

Sina maneno mengi ya kueleza mkono wangu ulivyokuwa siku ile. Hasira ya asubuhi nzima ilikuwa imekaa begani, nikaipeleka mbele. Urushaji wangu una mkono mrefu wa kriketi. Mpira unatoka mahali ambapo mpigaji hautarajii. Makocha wote walitaka kuunyoosha mkono huo. Siku ile nilirusha ninavyojua mimi. Mpigaji wa kwanza alipunga gongo hewani mpaka akatolewa. Wa pili akasimama kama mti, naye akatolewa. Wa tatu aliugusa, ukadunda mpaka kwangu, nikaudaka nikautupa kituo cha kwanza kabla yeye hajafika, nikamaliza.

Jovito alinisimulia baadaye kwamba Baba alikuwa amesimama.

"Yule mbona ameondoka?" Baba akamwuliza.

"Mwanao amemtoa, mzee."

"Kwa kosa gani?"

"Ameshindwa kuupiga vizuri."

"Wote watatu?"

"Wote."

Baba akarudi kukaa, kisha akasimama tena.

Zamu ya pili ikawa vilevile. Nikarudi benchi nimelowa jasho, Mama ananisukumia kababu mdomoni. Ndipo kocha wa Kingston akavuka uwanja, akaketi karibu yangu, akachukua bajia.

"Nani alikufundisha kurusha hivyo?"

"Hakuna. Kriketi."

"Kesho tunacheza Ottawa," akasema. "Mrushaji wangu wa kesho ana bega bovu. Timu yako haipo tena, kwa hiyo wewe ni mtu huru. Nakutaka."

Nikafungua mdomo.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Nakutaka na mkono mzima. Ukirudi pale juu sasa, kesho mkono wako hautakuwa na kitu, na mimi nitakuwa na warushaji wabovu wawili. Chukua begi, kaa kwenye basi. Nikikuona umekaa, nawaita vijana wangu tunaondoka. Ukirusha hata mpira mmoja zaidi kutoka kile kichuguu, nimekusahau."

"Mkiondoka, mechi itakwisha."

"Mechi hii haipo, kijana. Ilikwisha asubuhi."

Akaenda na bajia yake.

Nikamwendea Matthew. Nikamweleza.

"Nilipokuwa na umri wako nililikataa basi kama hilo," akasema. "Usiniulize kama nilifanya vizuri. Kila siku najijibu tofauti."

"Kocha, nisaidie."

"Hilo ndilo nililo nalo."

Oneni mkosi wangu. Misimu miwili sikutakiwa popote. Leo natakiwa mahali patatu, na pote panataka jibu dakika hiyohiyo. Basi la Kingston, ndoto yangu yote, lakini nikipanda nawavunjia watu msiba na Carla anabaki na uwanja mtupu. Kichuguu, heshima ya marehemu, lakini nikipanda timu yangu ya mwisho duniani inazikwa na mimi ndani. Na duka la dawa la mjomba, ambalo niliahidi kwa mdomo wangu.

Carla alikuwa amekaa kwenye viti vya Frank, sahani ya Mama mapajani, anakula na kulia kwa pamoja. Nikaokota mpira. Nikapanda kichuguu.

Sijui kama nilikuwa nimeamua au miguu ilikwenda tu. Mpigaji akajiweka sawa. Kocha wa Kingston alisimama karibu na geti amekunja mikono, ananitazama. Nikainua mkono.

"Simama," sauti ikasema.

Baba alikuwa anakuja. Anakatiza uwanja katikati ya mchezo, koti na tai, viatu vya ngozi kwenye nyasi. Mwamuzi akainua mikono, hakujua sheria inasemaje. Jovito akaacha kutangaza.

Baba akapanda kichuguu, akasimama mbele yangu, akanyoosha kiganja.

"Nipe."

Nikampa mpira.

"Kocha wako ameniambia habari ya basi."

"Sijasema ndiyo, Baba."

"Sijakuuliza. Tulikubaliana nini, mimi na wewe?"

"Uje unione. Halafu Jumatatu dukani."

"Nimekuja?"

"Umekuja."

"Nimekuona?"

"Umeniona, Baba."

"Basi." Akautia mpira kwenye mfuko wa koti. Nikatafuta usoni mwake hasira, nikatafuta fahari, sikuona hata kimoja. Nilimwona mzee aliyetoka jasho. "Hapa umemaliza. Nenda."

Uwanja ule una geti moja tu. Nje yake basi la Kingston lilikuwa limeshawashwa. Mbele ya basi kulikuwa na gari la Baba, buti wazi, na Mama anapanga vyombo ndani yake.

"Niende wapi, Baba?"

Alikuwa ameshanipa mgongo. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye viti alipokaa Carla, mkono mmoja mfukoni ameushika mpira wangu, na hakugeuka, nami nikabaki juu ya kichuguu mikono mitupu, nisijue kama baba yangu amenipa ruhusa au amenifukuza.